Tazameni jiwe limekaaje kabla ya kulihesabu

Wadogo zangu mnaoanza kupima mmomonyoko, kabla hamjabeba ndoo kwenda Kabete, pembeni mwa Nairobi kwenye udongo mwekundu, nawapa kosa langu la kwanza msije mkalirudia.

Nilijaza trei mbili udongo mwekundu niliouponda na kuuchekecha, nikaziinamisha sawasawa. Moja niliiacha tupu, ya pili nikaipanga mawe madogo. Kwa kuogopa yasibiringike, niliyakandamiza kwa kiganja udongo ukiwa umelowa, nikaacha ukauke. Nilipomwagilia, trei ya mawe ikatoa maji mengi kuliko ile tupu! Nilidhani nimechanganya ndoo. Kumbe nilikuwa nimetengeneza sakafu.

Tone kubwa la mvua hushuka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu, mabonge huvunjika, chembe laini huziba vitundu, na juu hufanyika ukoko. Jiwe lililolala juu hulipokea pigo hilo. Chini yake udongo hubaki wazi, na maji yanayoteleza ubavuni mwake hupata pa kuingilia. Jiwe lililozama ndani ya ukoko halina upenyo huo. Maji yote yaliyoliangukia hukimbilia pembeni na kuungana na mtiririko. Mtafiti wa mmomonyoko Jean Poesen wa Ubelgiji na wenzake walilionyesha hili mwaka 1990, nami ningelisoma mapema ningeokoa majuma kadhaa. Hata hapa mjini mtaliona: kokoto zilizomwagwa uani jana hunywa mvua, zile zilizoshindiliwa na matairi huipeleka moja kwa moja barabarani.

Kwa hiyo daftari lenu liwe na safu mbili. Ya kwanza ni kiasi cha mawe: funga mafundo 100 kwenye kamba, ivute juu ya kipande cha ardhi mnachokipima, hesabu mafundo yaliyogusa jiwe, hiyo ndiyo asilimia. Ya pili ni mkao: limelala, limezama nusu, au limefunikwa. Asilimia bila mkao haitawaeleza chochote. Liinueni jiwe mojamoja mtazame chini. Palipo na unyevu na vitundu vya wadudu, mmeshapata nusu ya jibu.

Maji na udongo vipimwe kando, maana maji mengi si lazima yawe na tope jingi. Korogeni ndoo hadi chini kabla ya kuchota sampuli. Mchanga hutua upesi, na aliyechota juu amepima maji tu. Kausheni sampuli kwenye oveni kwa nyuzi 105 za Selsiasi usiku kucha ndipo mpime uzito.

Matokeo ya Kabete msiyahamishie Embakasi, upande wa mashariki wa Nairobi. Udongo mweusi wa kule hupasuka kiangazi, na mvua ya kwanza huzama kwenye nyufa, mawe yawepo yasiwepo.

Na mkimkuta mama anaokota mawe yote shambani kwake mteremkoni, msimkataze. Jembe lake linaumia. Mwombeni kwa heshima awabakishie kipande kimoja, mkitegee ndoo kabla ya mvua za Machi, kisha mwiteni aje aone tope la kila upande.