Biskuti za rangi wakati wa joto

SWALI: Naoka biskuti za nyota nyekundu, nyeupe na buluu kwa sikukuu ya kiangazi. Zinatanuka hadi nyota inakuwa duara, na buluu inageuka kijani. Nakosea wapi?

JIBU: Joto la jikoni ndilo linalokuponza: siagi inayeyuka kabla donge halijashika umbo ndani ya oveni. Changanya siagi gramu 225 na sukari gramu 200, bila kupiga hadi iwe povu. Ongeza yai 1, unga wa ngano gramu 375 na chumvi kidogo. Hamira ya unga (baking powder) usiweke kabisa, nyota haihitaji kuumuka. Gawa donge, kanda rangi ya jeli (ya maji hulilainisha), sukuma unene wa milimita 6, kisha weka kwenye friji saa 1. Kata nyota, panga kwenye trei baridi na ugandishe dakika 15. Oka kwa nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 9 hadi 11.

Kijani kinatokana na umanjano wa siagi na kiini cha yai. Tone dogo la zambarau hurekebisha. Na toa biskuti kabla kingo hazijawa kahawia. Zikishakuwa kahawia, rangi zote huchafuka.