Peptidi ya pete haipimwi kwa kikokotoo cha protini

Usipeleke hizo asilimia kwa msimamizi wako! Umesema peptidi yako (mnyororo mfupi wa asidi amino) ni pete ya asidi amino 8, mbili zikiwa prolini, umeipima kwa CD (kipimo cha mwanga kinachodokeza umbo la molekuli) ndani ya methanoli, na programu ya mtandaoni imekupa heliksi, yaani umbo la springi, asilimia 40. Piga hesabu. Asilimia 40 ya 8 ni 3.2. Mzunguko mmoja tu wa heliksi ya alfa unataka asidi amino 3.6. Hiyo heliksi imekaa wapi?

Programu hizo hulinganisha mchoro wako wa CD na michoro ya protini kubwa zenye maumbo yanayojulikana. Pete ndogo haina ndugu humo. Angalia gramisidini S, kiuavijasumu kilichogunduliwa Umoja wa Kisovieti miaka ya 1940. Ni pete ya asidi amino 10: nyuzi mbili za beta (zilizonyooka, si springi) zinazoelekea pande tofauti, zimeunganishwa na kona mbili. Heliksi haina kabisa. Lakini mchoro wake wa CD una bonde karibu na mwanga wa nanomita 206 na bega kuelekea 220, na ukiitazama haraka utaapa ni heliksi. Ina fenilalanini za D pia (asidi amino zilizogeuzwa kama taswira ya kioo), na hizo huzidi kuvuruga usomaji.

Mimi niliambiwa na mtu mwenye cheo, kwa sauti isiyotaka maswali: "Weka tu kwenye programu, kila mtu hufanya hivyo." Sampuli iliagizwa ng'ambo kwa bei ya kuumiza, nayo ikaishia kwenye CD. Sura nzima ya tasnifu ikajengwa juu ya asilimia. Mtahini wa nje akauliza swali moja: data ya kulinganishia ni ya nini? Ya protini. Sura ikaondolewa, na aliyenishauri akanyamaza kimya mle chumbani. Inaniuma mpaka leo, maana ushauri uleule bado wanapewa wanafunzi hapa Nairobi, wengine wakijilipia utafiti kutoka mfukoni.

NMR kwanza, kipimo cha sumaku kinachosoma atomi za molekuli! Hesabu vilele vya NH (haidrojeni zilizoshikamana na nitrojeni) kabla ya jambo lolote. Una prolini mbili, kwa hiyo umbo la sisi (cis) na la transi (trans), yaani mikao miwili ya kifungo kilekile, yanaweza kukupa seti zaidi ya moja ya vilele. Ukizichanganya utachora umbo ambalo halipo. Kisha omba ROESY, aina ya NMR inayoonyesha protoni zipi zimekaribiana. Molekuli ya uzito wa karibu 1000, kwenye mashine ya megahezi 400 au 500, NOESY yake (kipimo kingine cha kazi hiyohiyo) inaweza kufifia hadi karibu na sifuri, ukadhani protoni ziko mbalimbali kumbe zimekaribiana. Pima NH katika halijoto tofauti pia: ile isiyosogea sana huenda imejificha ndani ya pete, imeshika kifungo cha haidrojeni.

Na hiyo DMSO, kimumunyisho unachotaka kuhamia kwa CD badala ya methanoli, iache. Chini ya takriban nanomita 260 inameza mwanga. 206 utaionea wapi? Kwa NMR inafaa, ila usidhani umbo la humo ndilo la majini. Siklosporini A, dawa ambayo nayo ni peptidi ya pete, ndani ya klorofomu hujifunga kwa vifungo vyake yenyewe, kifungo cha peptidi kati ya asidi amino namba 9 na 10 kikiwa sisi (cis); ikishikwa na siklofilini, protini ya mwilini, kifungo hicho ni transi.

Weka hapa spektra ya protoni, utaje kimumunyisho na halijoto, tuhesabu hizo NH pamoja.