Maswali na majibu: Supu ya boga si ya kuongeza vitu

Wiki tatu zilizopita nilieleza hapa jinsi ninavyopika supu laini ya boga la kuoka na tangawizi. Kwa aliyechelewa: boga la kilo moja na nusu linapasuliwa, linapakwa mafuta na chumvi, linaokwa kwa nyuzi 200 upande wa nyama ukiwa chini, hadi lilegee na kingo ziwe za kahawia. Nyama yake inasagwa pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyokaangwa taratibu, inazimuliwa kwa vikombe vitatu vya mchuzi wa mifupa ulio moto, halafu mwisho kikombe cha tui zito na ndimu. Basi.

Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Sita zimeanza na "ukipenda boga penda na ua lake". Jamani, tumeisikia.

Supu yangu imekuwa nyepesi kama maji ya kuoshea sahani. Niongeze nini iwe nzito: krimu, unga au viazi? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili limeletwa na watu kumi na mmoja, na wote wameuliza waongeze nini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza apunguze nini.

Boga ni maji. Ukiliweka kwenye mizani, karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito ule ni maji. Sasa wewe unalikatakata, unalibandika na maji "mpaka yafunike", unalichemsha, unasaga vyote kwa pamoja, kisha unashangaa kupata maji ya rangi ya chungwa. Najua mlichemsha, kwa sababu wanne kati yenu mmeandika wenyewe: "Nililichemsha kidogo kwanza ili liive haraka ndipo nikalioka." Boga lililochemshwa likiingia kwenye oveni halichomeki, linatoa jasho tu.

Kuoka ni kulikausha boga. Maji yanatoka kwa mvuke, nyama inasinyaa, sukari yake inabaki imejikusanya, na pale pembeni panaungua kidogo. Ile harufu ya kahawia huanza kutoka joto likikaribia nyuzi 140. Maji ndani ya sufuria hayavuki 100, na huko Mbeya kwenye miinuko hata 100 hayafiki. Kwa hiyo ukichemsha, hata ukikesha jikoni, ladha ile huipati.

Na ulaini ninaousema mimi hautoki kwenye krimu. Unatoka kwenye boga lenyewe, likiiva mpaka kijiko kinazama bila kusukumwa, kisha likasagwa dakika mbili au tatu nzima. Ninyi mnasaga kwa sekunde kumi, mnaona nyuzinyuzi, mnakimbilia dukani kununua krimu ya kuzifunika.

Iliyokwisha haribika, irudishe jikoni bila mfuniko, moto mdogo, ukoroge mpaka ipungue. Unga usitie. Unga unafanya supu kuwa nzito kwa namna ya gundi, na ikipoa inakatika kwa kisu.

Sina oveni, naishi chumba kimoja. Nisahau? (Mama wa wawili, Mbeya)

Usisahau chochote. Mkate wa kumimina uliliwa pwani miaka mingi kabla oveni ya umeme haijaingia majumbani, na uliiva kwa moto juu na chini. Fanya vivyo hivyo. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, funika, ipashe moto robo saa. Boga lililopakwa mafuta liweke kwenye sinia dogo au sufuria nyingine ndani yake, funika kwa mfuniko bapa wa bati, palia makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana unataka lipate rangi, na chini panaungua upesi kuliko unavyodhani. Chungulia baada ya dakika 40.

Boga dogo unaweza kulifukia zima kwenye majivu ya moto. Litoboe kwanza kwa kisu sehemu tatu nne, la sivyo mvuke utalipasua. Likitoka limekuwa jeusi nje, usihuzunike, ganda utalitupa. Supu yake ina moshi kidogo, na mimi naipenda hiyo kuliko ya oveni, ingawa nyumbani kwangu nimebaki peke yangu kwa maoni hayo.

Umesema chumba kimoja, nami nasema hivi ingawa hukuuliza: jiko la mkaa lipikie nje. Hewa ya mkaa inaua bila harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko ndani wasiamke.

Nilitia maziwa fresh badala ya tui, yakakatika. Maziwa yalikuwa mabaya? (Dada wa Arusha)

Maziwa yalikuwa mazima, ni tangawizi yako iliyoyakata. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatakata protini ya maziwa. Wachina wa Guangdong wanakitumia makusudi: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi, wanaacha dakika chache, yanaganda kama kastadi bila yai hata moja. Wewe umepika kitindamlo chao ndani ya supu.

Kinachonishangaza ni kwamba jambo hili unalijua. Hakuna mtu aliyekulia Tanzania asiyejua kwamba chai ya maziwa, tangawizi inachemka kwanza na maji na majani, ndipo maziwa yanafuata. Ulimwona mama yako akifanya hivyo kila asubuhi. Joto la kuchemka linakiua kile kimeng'enya. Kwenye supu ndiyo maana nilisema tangawizi ikaangwe. Maandishi yangu hayakusema "nyunyizia tangawizi mbichi mwishoni kwa harufu". Hayo umeyapata kwingine.

Na kama ulitia maziwa na ndimu pia, basi hata bila tangawizi yangekatika.

Tui nalo hukatika. Ni kweli nikoroge upande mmoja tu? (Msomaji, Tanga)

Upande wowote, mradi usiache. Tui halijui dira. Linakatika kwa sababu limechemka kwa fujo na mkono umeondoka. Tui zito litie mwishoni, moto umeshapunguzwa, koroga mpaka lionyeshe kutaka kuchemka, epua.

Naweza kutumia tangawizi ya unga? Naweza kutumia karoti badala ya boga? Naweza kuacha kitunguu saumu? Naweza kutumia siagi? (Msomaji wa "naweza")

Tangawizi ya unga: unaweza, lakini ni kiungo kingine. Inapokaushwa, ukali wake unabadilika na kuzidi, inachoma nyuma ya koo, na ile harufu yake inayofanana na ndimu inapotea. Anza na nusu kijiko cha chai. Mbichi ni kipande cha urefu wa kidole gumba, kikwangue ganda kwa ncha ya kijiko, ukitwange, ukikaange. Kama umepata tangawizi ya Same, zile ndogo zilizokunjamana, punguza, zina ukali.

Karoti: hiyo ni supu ya karoti. Kitunguu saumu: acha. Siagi: sawa.

Mume wangu ameonja kijiko kimoja akasema huu ni uji wa boga, supu inakuwa na mfupa. (Msomaji, Temeke)

Ana hoja. Kwa mtu aliyezoea supu ya asubuhi, na chapati mbili na pilipili pembeni, hiki ulichomwekea hakina cha kung'ata. Usibishane naye juu ya jina. Ule mchuzi wa mifupa upike mwenyewe kwanza, uwe wa ng'ombe, utumie huo kuzimulia boga, na nyama za kwenye mifupa zichambue uziweke juu ya bakuli. Wangu alinyamaza siku hiyo.

Vile vidonge vya kutia ladha visikudanganye kwamba ni mchuzi. Ni chumvi iliyovaa rangi. Ukitumia kimoja, usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja. Wengi hamwonji.

Boga langu lilikuwa chungu kidogo. Nikitia sukari itafaa? (Mkulima, Kahama)

Usitie kitu, litupe. Hapa sitanii.

Boga halipaswi kuwa chungu hata kidogo. Uchungu ule ni sumu ambayo jamii yote ya maboga, matango na mamung'unye inaweza kuitengeneza, na wakulima wa zamani waliiondoa kwa kuchagua mbegu za matunda matamu kizazi hadi kizazi. Inarudi pale mtu anapopanda mbegu alizojiwekea, wakati ua la boga lake lilipata chavua kutoka kwa boga-mwitu au boga chungu la mapambo la jirani. Kuchemsha hakuiondoi, kuoka hakuiondoi, na sukari inaficha tu. Ujerumani mwaka 2015 mzee mmoja alifariki baada ya kula mboga ya jamii hii iliyotoka bustanini, na ilikuwa chungu.

Kabla ya kuoka boga la mbegu za nyumbani, kata kipande kama ukucha, kitie ulimini, kisha ukiteme. Ikiwa ni chungu, mche huo wote ung'oe, na mbegu zake usimpe mtu.

Blenda yangu imefumuka. (Msomaji, Mwanza)

Pole. Karibu kwenye chama. Mimi juu ya dari ya jiko langu kuna doa la rangi ya chungwa, umbo lake kama ziwa, limepakwa rangi mara mbili na bado linajitokeza. Nilijaza jagi, nikafunga mfuniko barabara kama mtu mwenye akili, nikabonyeza namba kubwa. Supu ya moto ikisukwasukwa hutoa mvuke wote kwa mara moja, na mvuke hauombi ruhusa. Nashukuru ilikwenda juu, haikuja usoni.

Jagi lisipite nusu. Kile kifuniko kidogo cha katikati kitoe, ziba tundu kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, shika kwa mkono, anza na mwendo wa chini. Au subiri ipoe, watu mna haraka ya nini? Umeme ukikatika, ponda kwa mwiko na upitishe kwenye chujio. Mkono utauma, supu itakuwa laini kuliko ya mashine.

Huku Minneapolis maboga ni ya aina ishirini. Ninunue lipi? Yale makubwa ya Oktoba ni rahisi sana. (Mtanzania, Marekani)

Yale makubwa ya Oktoba ni ya kuchonga sura za kutisha. Nyama yake ni maji na nyuzi, ndiyo maana ni rahisi. Nunua butternut, ambalo limezalishwa huko huko, Massachusetts, miaka ya 1940, au kabocha la Kijapani kama unakumbuka boga la unga la nyumbani. Kabocha ni kavu, litahitaji mchuzi zaidi.

Na kwa walio huku: boga bonyeza kwa ukucha. Ukucha ukiingia, ni changa, lipikie mchuzi. Shikio liwe limekauka kama kuni, na boga liwe zito kuliko linavyoonekana. Mwuzaji mmoja aliniapia kwa marehemu mama yake kwamba lake ni la unga. Lilikuwa la maji tupu, na siku hizi nanunua kwa anayekubali kulipasua mbele yangu.

Hii si ni chakula cha kizungu tu? Sisi boga letu ni la nazi na hiliki, wakati wa futari. (Msomaji, Unguja)

Boga la nazi na hiliki halina mpinzani kwangu, na Ramadhani sipiki supu hii. Ila boga lilitoka bara la Amerika, tangawizi ikatoka Asia, na Wazungu wamevikuta vyote viwili kwa watu wengine. Ukitaka supu ya boga yenye heshima, itazame Haiti: kila tarehe 1 Januari wanapika joumou, supu ya boga na nyama, kukumbuka uhuru wao wa mwaka 1804. Wanasimulia kwamba enzi za utumwa waliipika wao, wakainywa mabwana zao. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wake mwaka 2021.

Je, supu hii inatibu kisukari na kuyeyusha tumbo?

Hapana. Nenda kliniki.

Mtoto wa miezi minane anaweza kunywa?

Anaweza. Mtolee yake kabla hujatia chumvi, na tangawizi iwe ya kunusia tu. Waliokushauri umtilie asali wasisikilizwe, asali ni baada ya mwaka mmoja.

Nimepika nyingi, nagandishaje? (Msomaji, Muscat)

Kabla ya tui. Likigandishwa na kuyeyuka linajitenga. Tia tui siku ya kula. Kwenye friji siku tatu.

Yangu ililala jikoni na tui ndani yake tangu jana mchana, lakini inanukia vizuri.

Mwaga.