Sauti inakatikakatika, na spika ni mpya

SWALI: Shikamoo fundi. Laptopu yangu ina miaka mitatu, natumia Windows 11. Kwa miezi miwili sasa nikicheza muziki sauti inakatikakatika: inatoa "krrr" fupi halafu inaendelea, na mara nyingine kipande kidogo kinajirudia kwa kasi, ta-ta-ta-ta, kisha wimbo unashika njia yake. Nyimbo zenyewe nimezihifadhi kwenye diski, si za mtandaoni. Fundi wa kwanza aliniambia spika zimechoka, nikabadilisha. Hali ni ileile, na hata nikichomeka hedifoni inakwaruza. Wa pili akasema niongeze RAM. Sasa nina gigabaiti 16 na bado inakwama. Nilichogundua mwenyewe ni kwamba nikichomoa chaja inazidi. Nifanye nini kabla sijaambiwa ninunue mashine nyingine?

JIBU: Marahaba, na pole kwa gharama hizo. Umeandika mambo matatu ambayo wengi husahau kuyataja: hedifoni nazo zinakwaruza, nyimbo ziko kwenye diski, na chaja ikitoka hali inaharibika zaidi. La kwanza linaziondoa spika kwenye kesi, na lilitosha kuziondoa kabla hujatoa hela. La pili linaiondoa intaneti. La tatu ndilo lililonifanya nivute kiti, nitalirudia.

Kwanza uelewe kinachokatika ni nini. Sauti ndani ya kompyuta ni mlolongo wa namba. CD ilipangiwa namba 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Laptopu nyingi za sasa hutoa 48,000. Prosesa haizipeleki mojamoja. Huzimwaga kwa mafungu kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu iitwayo bafa, na chipu ya sauti inachota humo kwa mwendo usiobadilika. Kwa kawaida Windows huijaza bafa hiyo kila milisekunde 10, yaani namba 480 kwa fungu, mara 100 kila sekunde. Chipu ya sauti haijui kusubiri. Muda wake ukifika inachota, kuwe na kitu au kusiwe. Ikikuta patupu unasikia "krrr". Ikikuta yaliyomo ni ya zamani, inayarudia hayohayo, na hiyo ndiyo ta-ta-ta yako.

Kwa hiyo ugomvi hapa ni wa muda, nguvu ziko za kutosha. Kufungua wimbo wa MP3 ni kazi ndogo sana kwa prosesa yoyote ya leo, na RAM ya ziada haimfanyi mtu aliyechelewa awahi. Kinachotakiwa ni prosesa ipate nafasi ya kujaza bafa kila mara, bila kukosa hata zamu moja. Ndiyo maana pia watu huniambia "video inaenda vizuri kabisa, sauti ndiyo mbovu" wakidhani chipu ya sauti imekufa. Video ya fremu 30 kwa sekunde ikipoteza fremu moja zimekwenda milisekunde 33, na jicho mara nyingi halina habari. Sikio halisamehi hivyo. Pengo la milisekunde chache tu katikati ya wimbo linasikika kama mpasuko.

Sasa, nani anaizuia prosesa? Mara nyingi ni draiva, yaani programu ndogo inayokiendesha kifaa fulani, tena kifaa kisichohusiana kabisa na sauti. Kadi ya Wi-Fi, kadi ya michoro, diski, betri, vyote vina haki ya kuikatiza prosesa vikiwa na jambo la haraka. Utaratibu ni draiva iingie, imalize lake, itoke. Ikiandikwa ovyo inaingia na kukaa, kama mtu aliyefika dirishani kwa karani aulize swali moja, akaanza kusimulia safari yake yote, na foleni imeganda nyuma yake. Sauti imo kwenye foleni hiyo. Hata ikipewa kipaumbele kuliko programu zako zote, haiwezi kumsukuma aliyeko dirishani.

Kuna laptopu niliwahi kuletewa yenye ugonjwa unaofanana na wako. Mwenyewe alikuwa ameshaweka Windows upya mara mbili. Nilichofanya kwanza nilicheza wimbo, nikaweka saa ya simu mezani, nikawa naandika sekunde kila inapokwama. Kumi na tano. Thelathini. Arobaini na tano. Nikabadilisha wimbo, nikabadilisha programu ya kuchezea, bado kumi na tano. Kitu kinachorudi kwa vipindi sawa hakitoki kwenye wimbo. Kuna kinachoamka kwa saa. Nikachomeka chaja, nikazima kifaa cha betri kwenye orodha ya vifaa, na sauti ikatulia palepale. Mfumo huuliza betri kila baada ya muda imebaki na chaji kiasi gani, na swali hilo hupitia BIOS, ile programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama, hadi kwenye chipu ndogo inayosimamia betri, kibodi na feni. Kwenye mashine ile chipu ilikuwa inajibu kwa kujivuta, na prosesa ilishikiliwa hadi jibu lirudi. BIOS mpya ya mtengenezaji ndiyo iliyomaliza mambo.

Sisemi yako ni hiyohiyo. Ila anza kama nilivyoanza: dakika tano, karatasi, saa. Mkwamo ukija kwa vipindi sawa, shuku kitu kinachoamka kwa ratiba, kama betri au kadi ya Wi-Fi inayotafuta mitandao iliyo karibu. Ukija ovyo, lakini hasa unapofungua kurasa au kupakua, elekea kwenye Wi-Fi. Ukija unapovuta dirisha huku na huku au unapocheza video, tazama kadi ya michoro. Ukianza baada ya nusu saa huku feni ikivuma, ni joto: prosesa ikipata moto hujipunguzia mwendo isiungue, na vumbi kwenye njia za hewa ndilo la kwanza kusafishwa.

Baada ya hapo washa hali ya ndege, cheza wimbo uleule dakika chache. Jaribio hili halina gharama wala hatari, na ndilo linalonipa jibu mara nyingi kuliko mengine yote. Sauti ikitulia, mhalifu ni Wi-Fi au Bluetooth. Washa kimoja baada ya kingine umjue. Usirukie kufuta kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, na utafungukiwa orodha ya vifaa vyote. (Nawapa amri hizi badala ya majina ya menyu kwa sababu menyu huhamishwa kila toleo na kila lugha, amri hubaki zilezile.) Fungua kadi ya Wi-Fi, nenda kwenye ukurasa wa draiva, utazame tarehe yake. Wewe umesema miezi miwili. Kama draiva ilisasishwa karibu na wakati huo, kwenye ukurasa huohuo kuna kitufe cha kurudisha ile ya awali, na kitufe hicho kimeokoa watu wengi. Kama ni ya zamani, chukua mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, au wa chipu yenyewe kama vile Intel au Realtek. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja siziruhusu kwenye mashine yangu, na sikushauri uziruhusu kwenye yako.

Hali ya ndege isipobadilisha kitu, pakua programu ya bure iitwayo LatencyMon. Iwashe, cheza muziki, iache dakika kumi ukiwa umechomoa chaja, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa wako unakojitokeza. Kisha fungua ukurasa wa draiva na uzipange kwa muda mrefu zaidi uliotumika. Namba za mamia ya maikrosekunde zisikutishe. Ukiona draiva yenye elfu kadhaa, umempata wa kumhoji. Kumbuka milisekunde 10 za bafa ni maikrosekunde 10,000 tu, na bado kuna kazi nyingine za kufanywa ndani ya muda huo. Majina yana maana yake. ACPI.sys inaelekeza kwenye umeme, betri na BIOS. nvlddmkm.sys ni kadi ya michoro ya NVIDIA. storport.sys ni upande wa diski. Na ndis.sys ni mtandao, ila hapa angalia usimwonee mtu: ndis.sys yenyewe ni ya Windows, ni mlango tu ambao draiva ya kadi yako hupitia. Anayeonekana mlangoni si lazima awe ndiye aliyefanya kosa.

Sasa turudi kwenye chaja. Ukiichomoa, mambo kadhaa hubadilika kwa pamoja: prosesa hushushiwa mwendo, kadi ya Wi-Fi huanza kusinzia na kuamka kila mara ili kuokoa chaji, na chipu ya sauti nayo huenda ikalazwa kimya kikirefuka. Ingia kwenye mipangilio ya umeme na betri, uweke hali ya utendaji wa juu kabisa kwa muda wa majaribio. Ikisaidia, tatizo liko kwenye kuokoa umeme, na si lazima uishi na betri inayokwisha haraka: kwenye powercfg.cpl (nayo huandikwa baada ya Windows na R), ndani ya mipangilio ya kina, jaribu kuzuia kadi ya Wi-Fi peke yake isisinzie. Baadhi ya laptopu zimeficha kipengele hicho. Kama hukioni, kiangalie kwenye sifa za kadi ileile kule devmgmt.msc, kwenye ukurasa wa umeme.

Ukishuku betri kama ile ya mteja wangu, fanya jaribio hili chaja ikiwa imechomekwa: kwenye orodha ya vifaa, sehemu ya betri, zima kile kinachotajwa kuwa betri ya ACPI, usikilize, kisha ukiwashe tena. Nasisitiza ukiwashe. Kikiwa kimezimwa kompyuta haioni chaji imebaki kiasi gani, haitakuonya, itazimika tu ghafla na kazi yako ndani. Hilo ni jaribio la kumjua mhusika, dawa ni kusasisha BIOS, na BIOS isasishwe umeme ukiwa wa uhakika, chaja iko mahali pake na betri ina chaji.

Kuna jambo dogo ambalo ningelifanya hata kabla ya kupakua chochote. Bonyeza tena Windows na R, andika mmsys.cpl, fungua spika zako, utafute mahali pa kuzima viboreshaji vya sauti. Laptopu nyingi huja na programu za kuongeza besi na kuigiza ukumbi wa muziki. Kila fungu la namba hupitishwa humo kabla ya kufika kwenye bafa, na programu hizo zikizeeka baada ya Windows kusasishwa huanza kukwaruza zenyewe. Sauti itapoa kidogo ukizima. Utazoea.

Diski naigusa tu, kwa kuwa mashine yako ingeonyesha dalili nyingine, kama faili kufunguka kwa taabu na Windows kuganda. Zamani za Windows XP lilikuwa jambo la kila siku: diski ikifanya makosa sita, mfumo uliishusha kwenye njia ya polepole iitwayo PIO, ambayo humbebesha prosesa mzigo wote, na muziki ukaanza kukatika bila onyo. Siku hizi sioni hilo, lakini diski ya sahani inayokaribia kufa bado huharibu sauti.

Wasomaji wengine wenye tatizo hili kwenye hedifoni za Bluetooth, njia yenu ni tofauti. Bluetooth na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hugombea hewa ileile, na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Hamishia Wi-Fi kwenye gigahezi 5, au sogeza diski ya nje mbali kidogo. Na sauti ikigeuka kuwa ya simu mara tu unapoingia kwenye mkutano, hapo hakuna kilichoharibika: hedifoni zimehamia kwenye hali ya mazungumzo ili maikrofoni ifanye kazi. Wanaotumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, wenye PipeWire inayosimamia sauti humo, waandike pw-top na kutazama safu ya ERR muziki ukicheza. Namba ikipanda kila inapokwaruza, bafa inakosa kujazwa kwa wakati.

Kama unayo fleshi tupu, weka Linux ya kuwashia moja kwa moja, iwashe laptopu kwa hiyo bila kugusa diski yako, ucheze wimbo chaja ikiwa nje. Ikiwa safi, vifaa vyako vizima na ugomvi ni wa Windows na draiva zake. Ikikwaruza vilevile, BIOS au ubao mama ndio wa kushukiwa. Usijaribu kupima hili kwa kuwasha Windows katika hali salama, maana huko kwa kawaida sauti huwa haiwashwi kabisa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike. Ukifika mwisho na bado inakwama, nitumie picha ya ukurasa wa draiva wa LatencyMon, iliyopigwa chaja ikiwa imechomolewa, pamoja na ile karatasi ya sekunde.