Mkuu, usilipie hicho chumba cha Malia!

Usilipe. Kama bado hujabonyeza, weka simu pembeni usome hapa kwanza. Umesema mnatoka Bremen, wewe, shemeji na watoto wawili, mwezi wa tisa, usiku nane Krete, kile kisiwa kikubwa cha Ugiriki. Umepata chumba kwenye mji wa Malia kwa euro 58, umeambiwa "pako katikati", na unachotaka kuona ni magofu ya Knossos, mji wa kale wa Chania, fukwe za Elafonissi na Balos, na korongo la Samaria. Halafu ukauliza gari lipi, chakula bei gani, na kama bahari bado ina joto mwezi huo.

Hiyo orodha naijua, mkuu. Niliiandika mimi mwaka juzi, karibu neno kwa neno, na chumba changu kilikuwa Malia hiyohiyo. Tofauti yetu ni kwamba wewe umeuliza. Mimi nilijifanya mjanja.

Malia haiko katikati ya kitu chochote. Iko kilomita 35 hivi mashariki ya Heraklion, mji mkuu wa kisiwa, na vitu vinne kati ya vitano ulivyovitaja viko magharibi. Tena Elafonissi na Balos ziko magharibi ya mwisho kabisa, ukipiga hatua mbili zaidi umeingia baharini. Sisi tukisikia "kisiwa" akili inakimbilia Unguja: unaamka Paje, mchana unakula Mjini, jioni uko Nungwi unatazama jua likizama. Unguja toka ncha hadi ncha ni kama kilomita 85. Krete ni 260, na mgongoni ina milima inayopita mita 2,400, kwa hiyo barabara kubwa ya maana ni moja tu, ile ya pwani ya kaskazini. Malia hadi Chania peke yake ni kama kilomita 175. Hiyo ni safari ya Dar kukaribia Morogoro, na hapo bado hujaiona Elafonissi.

Sasa nikueleze siku yetu ya Elafonissi, maana ndiyo iliyonifundisha adabu.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Heraklion tukapita, Rethymno tukapita, Chania tukaiona kwa mbali kama watu wanaoangalia harusi ya jirani. Hiyo barabara kuu Wagiriki wanaiendesha kwa namna yao: ukiwa mbele unasogea nusu gari kwenye bega la barabara ili wa nyuma akupite, na usiposogea anakuja kukupumulia kisogoni. Baada ya Chania unaacha barabara kuu, unapanda milimani. Kona juu ya kona, mbuzi wamelala katikati ya lami kama wamelipa kodi, na pale Topolia kuna handaki jembamba la gari moja moja lenye taa ya kuongozea. Tukiwa tunaisubiri hiyo taa, mwanangu akatapika. Alikuwa na miaka mitano. Alitapika juu ya taulo zote za kuogea. Zote, mkuu.

Tunafika saa tano kasoro robo. Maegesho yamejaa, miavuli imekwisha, jua linachoma. Nisidanganye, pale mahali ni pazuri: maji ya magotini, mtoto anaenda mita nyingi bila kuzama, mchanga una wekundu wa vipande vya magamba ya viumbe wa baharini (usichukue hata kiganja, eneo linalindwa). Tulikaa saa tatu. Saa nane nikaanza kuangalia saa, kwa sababu sikutaka zile kona zinikute gizani. Tukafika Malia saa moja usiku. Piga hesabu mwenyewe: saa tisa na nusu kwenye gari, saa tatu kwenye maji. Shemeji yenu toka Rethymno hadi Heraklion hakusema neno. Kilomita 80 za kimya. Wenye ndoa mnaelewa hiyo ni kelele ya aina gani.

Kesho yake nikasema, "Leo twendeni Chania." Waliniangalia kama nimetukana. Siku ya tatu tulishinda kwenye kibwawa cha hoteli, na vibwawa hata kwetu Düsseldorf vipo, tena vya bure kwa mtoto. Siku ya nne nikajisalimisha: nikachukua chumba Chania usiku mbili kwa euro 95 kwa usiku, huku cha Malia nimeshalipa usiku nane kwa euro 62, kile cha "hela hairudi". Yaani nikawa nalipia vyumba viwili kwa usiku mmoja kama mwenye nyumba ndogo, ila mimi wa nyumba ndogo sikumwona.

Na kinachouma zaidi ni hiki. Miezi mitatu nyuma hicho chumba cha Chania nilikiona kwa euro 80. Nikakiacha kwa sababu Malia ningeokoa 18 kila usiku, jumla 144. Nikaokoa 144, nikaja kutoa 190 kwa zile usiku mbili, na mafuta ya kuzunguka kisiwa kama dereva wa lori yakala mengine zaidi ya 100. Nilikuwa na karatasi kabisa ya mahesabu, rangi ya kijani na nyekundu. Msinicheke.

Nani aliniingiza mjini? Kuna ndugu yetu mmoja anayetengeneza video za kusafiri kwa Kiswahili, jina namhifadhia. Kwenye video yake kasimama kando ya bwawa, miwani ya jua, anasema kwa kujiamini, "Krete ni kisiwa tu wapendwa, ukikaa popote unafika popote." Nilimwamini kwa sababu anaongea kama mjomba. Baadaye nikaangalia tena ile video kwa utulivu: siku tano zote yuko kwenye bwawa lilelile! Hajaenda popote! Mtume Paulo aliandika maneno makali kuhusu Wakrete na uongo. Mimi Wakrete hawajanidanganya hata mmoja, aliyenidanganya ni Mbongo mwenzangu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: kitanda kifuate orodha, orodha isifuate kitanda. Andika kwanza unachotaka kuona, tazama kila kitu kiko saa ngapi kwa gari (saa, achana na kilomita, kwa sababu kilomita 30 za mlimani Krete zinakula muda kuliko 70 za pwani), halafu ile sehemu unayoitamani kuliko zote isizidi saa moja na nusu toka unapolala. Kwa orodha yako hiyo ni Chania. Toka Chania hadi Elafonissi ni kama saa moja na nusu. Balos unaenda bandari ya Kissamos unapanda boti. Ipo pia njia ya vumbi ya kilomita kama nane, lakini bima nyingi za gari la kukodi hazigusi tairi wala tumbo la gari kwenye njia hizo. Nilijua? Sikujua. Tairi moja, euro 140, tuendelee.

Samaria, mkuu, kwa heshima, ondoa. Ni kilomita 16 za mawe, unashuka toka Omalos kwenye mita kama 1,200 hadi usawa wa bahari, unatokea Agia Roumeli ambako hakuna barabara ya gari. Unasubiri boti ikupeleke Sfakia au Sougia, ndipo upande basi la kurudi. Ukienda na gari lako umeliacha juu mlimani na wewe uko chini. Watu wanalala Chania wanapanda basi la alfajiri, na hata hao wanarudi hoi. Na huyo mwanao mdogo wa miaka minne atatembea, au utambeba mgongoni korongo zima?

Knossos ndiyo pekee iliyo upande wa Malia. Ni kilomita 5 tu toka Heraklion, nusu siku imetosha, na usiache jumba la makumbusho la mjini, maana vitu vyenyewe viko kule: michoro ya ukutani, diski ya Phaistos (ile sahani ya udongo yenye alama za kale). Pale kwenye magofu nguzo nyekundu unazoziona kwenye picha nyingi ni saruji ya Mwingereza Arthur Evans, aliyeanza kuchimba mwaka 1900 akaamua na kujenga.

Kwa hiyo shukia Heraklion, lala usiku mbili, maliza Knossos, halafu hamieni Chania usiku sita na muondokee uwanja wa Chania. Uliza kwanza kama wenye gari wanatoza kulirudisha mji mwingine, wengine wanatoza. Ndani ya mji wa kale ni kuzuri sana, ile bandari ya Waveneti (watu wa Venice, Italia) na mnara wake wa taa, ila vichochoro haviingii gari na masanduku utayaburuta juu ya mawe. Kwa watoto ningechukua mtaa wa Nea Chora: ufukwe wa mchanga upo hapohapo na bandarini unafika kwa miguu.

Siipondi Malia. Kama orodha yako ingekuwa Agios Nikolaos, mitende ya Vai na Spinalonga, kile kisiwa walichotengewa wenye ukoma hadi 1957, yote ya mashariki, ningekwambia lipa leo. Ingawa barabara ya baa pale wanakesha hadi alfajiri, na wewe una wa miaka minne. Lakini orodha yako siyo hiyo, na kitanda kinafuata nini? Haya.

Bahari ina joto, mtaogelea vizuri tu. Chakula, mtakula, sijaona mtu aliyekufa njaa Ugiriki. Kuhusu gari nilikuwa na la kusema ila limenitoka, nimekasirika upya kwa kuandika hivi.

Nijibu kitu kimoja: hicho chumba cha euro 58 wameandika unaweza kukifuta hadi tarehe ngapi?