Ukiitwa kwenye baraza la ushauri wa tabianchi

Ndugu yangu, hongera. Umeuliza kama ukubali kuingia kwenye baraza huru linalotakiwa kuushauri mkoa wetu wa Dodoma kuhusu mabadiliko ya tabianchi, maana unaogopa kugeuzwa muhuri wa kupitisha tu yaliyokwisha kuamuliwa. Kubali, ila kwa sharti.

Mkoa tayari una Kamati ya Ushauri, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Ni vigumu kumkosoa mtu anayekupa nafasi ya kusema. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2008, waliunda kamati huru ya tabianchi, na serikali inalazimika kuzijibu bungeni ripoti zake za kila mwaka. Hicho ndicho kifungu cha kung'ang'ania kwenye hadidu za rejea: ushauri utolewe hadharani, na mkoa ujibu kwa maandishi kabla ya tarehe inayojulikana. Posho na mengine mtaelewana.

Halafu tazama nani amekaa mezani. Kule Kondoa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye milima iliyomomonyoka. Miti ilirudi, ni kweli, lakini wafugaji walilazimika kuswaga ng'ombe wao kwingine. Kwa hiyo wanaoguswa na uamuzi nao wawepo mezani: nenda Bahi au Chamwino, ukae na mama anayelima uwele na mtama, umuulize mvua ya Desemba ikikatika wiki tatu anafanya nini na mbegu iliyobaki kibuyuni. Huyo naye awe mjumbe mwenye kura.

Na kikao cha kwanza, anza na hili: kina cha maji kwenye visima vya Makutupora, vinavyolipatia jiji la Dodoma maji, kinapimwa na nani, na takwimu mtazipata lini?