Vidole laini vya kushika sato

Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza kama elastoma ya fuwele kimiminika, yaani mpira wenye molekuli zinazoweza kujipanga upande mmoja, yaweza kuendesha vidole laini vya mashine vya kushika sato bila kumchubua. Yaweza, na nimefurahi sana umeiwazia! Ikipata joto, molekuli zilizojipanga upande mmoja huvurugika na mpira hufupika kama msuli, ukipoa, hurudi. Lakini lazima uuvute kabla haujakomaa (haujaganda) kabisa, ndipo molekuli zijipange. Usipouvuta, hautafupika upande unaoutaka.

Kitakachokusumbua zaidi ni kupoa. Kipande kinene hukawia mno, kwa hiyo tumia kanda nyembamba kadhaa sambamba, uzipoze kwa maji ya ziwa. Kemikali zake ni ghali: kwanza jaribu umbo la vidole kwa silikoni, ukivijaza hewa kwa pampu ya baiskeli.